Anayelipa asiwe anayehudumia: mwongozo kamili wa kutenganisha mnunuzi na mtoa huduma za afya ya jamii

Kazi yangu ni hesabu na ukaguzi. Vikundi kadhaa hapa Moshi, na vingine vya upande wa Arusha, vimeniita kwa jambo moja: "Tulitenganisha, lakini haijasaidia." Nikifika nakuta vyeo vipya, mihuri miwili na vibao viwili mlangoni. Nikifungua kitabu cha hundi, saini ni zilezile za zamani. Kwa kuwa kosa linajirudia, nimeona niandike hatua zote mahali pamoja.

Mwongozo huu unaufaa mfuko, usharika, parokia, AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima) au shirika dogo linalochanga fedha za kuwahudumia wagonjwa majumbani, na wakati huohuo ndilo lililoajiri manesi wanaokwenda huko. Nazungumzia wenye presha, wenye vidonda vya sukari, wanaomeza dawa za kifua kikuu, waliopooza, na mama waliotoka kujifungua.

## Nani ni nani

Mnunuzi ndiye mwenye fedha za wanachama. Anaamua wagonjwa gani wahudumiwe, kwa kiwango gani, kwa bei gani, kisha anahakikisha kazi imefanyika. Mtoa huduma ndiye anayevaa glovu.

Si lazima pawe na taasisi mbili zilizosajiliwa. Mnaweza kubaki shirika moja lenye idara mbili, akaunti mbili na watu wasioingiliana. Ushauri wangu ni kuanza hivyo kwa mwaka mmoja wa fedha. Usajili wa taasisi ya pili uje baadaye, mkishajua kama mnaweza kuishi mkiwa wawili.

Kwa nini mjisumbue? Nesi mkuu akiwa ndiye anayepanga bajeti, anayetembelea wagonjwa, anayejaza rejesta na anayeidhinisha malipo, hata awe mtakatifu, hamna njia ya kumjua kuwa ni mtakatifu. CHF ya zamani (Mfuko wa Afya ya Jamii), iliyoendeshwa chini ya sheria ya 2001, ilikuwa na ugonjwa huohuo: halmashauri ilikusanya michango ya wananchi, na ndiyo iliyomiliki zahanati zilizolipwa kwa michango hiyo.

## Vitu vya kuwa navyo mezani kabla ya kuanza

- Katiba ya kikundi, pamoja na mihtasari ya vikao vya miezi 12 iliyopita.
- Taarifa za benki za miezi 12, za simu zikiwemo kama mnalipa kwa simu.
- Rejesta ya wagonjwa na idadi ya ziara za kila mwezi, hata kama mna shaka nayo.
- Mikataba ya ajira ya wauguzi, na leseni zao za Baraza la Uuguzi na Ukunga ambazo hazijaisha muda.
- Orodha ya mali: pikipiki, mashine za presha, glukomita, mizani, kabati la dawa.
- Mtu mmoja wa nje anayejua hesabu, asiye ndugu wa mwenyekiti wala wa nesi mkuu.
- Wiki nane. Msizipange Desemba. Desemba Moshi hakuna kikao kinachokaa, kila mtu ana wageni na mbuzi.

Tarehe nzuri ya kuanza rasmi ni 1 Julai. Masika yameisha, njia za mlimani zinapitika, na mwaka wenu wa hesabu utakwenda sambamba na wa serikali, jambo litakalowapunguzia maswali mkikaa na halmashauri.

## Hatua ya 1: Andikeni kila uamuzi na jina la anayeufanya

Chukueni karatasi kubwa. Upande wa kushoto andikeni maamuzi: nani anaingizwa kwenye orodha ya wagonjwa, nani anatolewa, ziara ngapi kwa wiki, nani anaagiza gozi na glovu, nani anapokea mzigo, nani anasaini malipo, nani anasikiliza malalamiko. Upande wa kulia andikeni jina la mtu. Cheo hakitoshi, kwa sababu cheo kinaficha.

Kikundi kimoja nilichokaa nacho kilikuwa na maamuzi 14. Jina moja lilitokea mara 11. Mwenye jina alikuwepo, akacheka kwanza, kisha akanyamaza. Hakuwa mwizi. Alikuwa mama mchapakazi aliyeachiwa kila kitu kwa sababu hakuna mwingine aliyefika vikaoni.

Mmefaulu kama: kila uamuzi una jina moja, na mmepiga duara jekundu kila mahali ambapo mtu mmoja anaomba na kuidhinisha jambo lilelile.

## Hatua ya 2: Gawanyeni watu

Upande wa mnunuzi unahitaji watu watatu hadi watano: mwenyekiti wa kamati ya ununuzi wa huduma, mweka hazina, mtu mmoja mwenye ujuzi wa tiba asiyefanya kazi kwenu (muuguzi au tabibu mstaafu anafaa sana), na angalau mtu mmoja anayetoka kwenye nyumba yenye mgonjwa. Huyo wa mwisho msimwache. Yeye ndiye anayejua nesi akichelewa nyumbani kunakuwaje.

Upande wa mtoa huduma anabaki msimamizi wa wauguzi, wauguzi wenyewe, na mtunza kumbukumbu.

Kila mmoja ajaze fomu ya mgongano wa maslahi: ndugu, mkwe, duka la dawa analomiliki, bodaboda anayoikodisha kwa kikundi. Kwetu huku undugu ni mpana, na mkisema "asiwepo ndugu yeyote" mtabaki bila kamati. Sharti liwe kwamba mwenye uhusiano autaje, na atoke nje jambo hilo linapojadiliwa. Muhtasari uandike kuwa alitoka, na saa aliyotoka.

Tahadhari: msimpe nesi mkuu kiti kwenye kamati ya mnunuzi "kwa ajili ya utaalamu". Mwiteni atoe maelezo, kisha aende. Vikundi vingi vilivyonishinda vilianguka hapa, tena kwa heshima tu, watu wakiona aibu kumwambia dada wa watu atoke.

## Hatua ya 3: Akaunti mbili, na watia saini wasiofanana

Fungueni akaunti ya pili benki kwa ajili ya mtoa huduma. Michango ya wanachama na misaada inaingia akaunti ya mnunuzi peke yake. Fedha inahama kwenda ya pili kwa njia moja tu: ankara iliyohakikiwa.

Benki itawadai muhtasari wa kikao, barua ya utambulisho na picha za watia saini. Hakikisheni hakuna jina linalotokea pande zote mbili. Ikiwa mna laini ya simu ya kupokelea michango, nayo iwe ya mnunuzi, na namba ya siri isikae kwa mtu wa upande wa pili. Nimewahi kuikuta imeandikwa nyuma ya kalenda ukutani.

Mmefaulu kama: mtoa huduma hawezi kununua hata boksi moja la glovu kwa fedha za wanachama ambazo bado hajazifanyia kazi, isipokuwa malipo ya awali yaliyo kwenye mkataba.

## Hatua ya 4: Andikeni mnachokinunua

"Huduma bora kwa wagonjwa" hainunuliki, kwa sababu haihesabiki wala haikaguliki. Andikeni kwa aina ya mgonjwa. Kwa mfano:

*Mgonjwa mwenye kidonda cha sukari mguuni: ziara tatu kwa wiki. Kila ziara: kusafisha na kufunga kidonda, kupima sukari na presha, kuangalia mguu wa pili, kuandika kwenye kadi ya nyumbani. Kidonda kikitoa harufu, kikiwa cheusi, au mgonjwa akiwa na homa: rufaa siku hiyohiyo.*

Maneno "mguu wa pili" aliyaongeza muuguzi mstaafu wa kamati moja. Sisi wengine tulikuwa tunatazama kidonda tu.

Andikeni pia rufaa inakwenda wapi: zahanati gani, kituo cha afya gani, na lini mgonjwa apelekwe moja kwa moja hospitali ya Mawenzi, KCMC, au Mount Meru kwa walio Arusha. Ziungeni kazi zenu na za wahudumu wa afya ngazi ya jamii walioko kwenye mtaa au kitongoji. Kama mhudumu wa serikali tayari anafuatilia unywaji wa dawa za kifua kikuu kwenye nyumba fulani, msilipe mtu wa pili kwa kazi hiyo. Kaeni kwanza na mganga mfawidhi wa zahanati.

## Hatua ya 5: Tafuteni bei, kwa penseli

Hapa msikimbie. Bei mbaya inaua huduma ndani ya miezi mitatu, na lawama inaangukia "utenganishaji".

Tuchukue mfano wa nesi mmoja anayezunguka vitongoji vya mlimani kama vya Uru au Kibosho. Namba ni za kufundishia, wekeni zenu. Anatoka siku 18 kwa mwezi, nyumba tano kwa siku, yaani ziara 90.

- Mshahara na michango ya hifadhi ya jamii: Sh 900,000
- Usafiri, Sh 15,000 kwa siku: Sh 270,000
- Sehemu yake ya ofisi na usimamizi: Sh 225,000
- Gozi, glovu, vipimo, Sh 2,500 kwa ziara: Sh 225,000

Jumla ni Sh 1,620,000. Gawanyeni kwa 90, mnapata Sh 18,000 kwa ziara. Vikundi vingi huishia hapo, vinaandika mkataba wa Sh 18,000 kwa ziara, wanapiga makofi.

Sasa leteni Aprili. Tope limejaa, bodaboda inaishia njiani, nesi anapanda kwa miguu na kufika nyumba tatu kwa siku. Ziara ni 54. Mshahara ni uleule, usafiri uleule, ofisi ileile. Vifaa tu ndivyo vimeshuka hadi Sh 135,000. Gharama ni Sh 1,530,000, ila ankara yake ni 54 mara 18,000, yaani Sh 972,000. Mtoa huduma amepata hasara ya Sh 558,000 kwa kufanya kazi ngumu zaidi.

Atafanya nini? Ataacha nyumba za juu. Atawatembelea walio kando ya lami mara mbili mbili, kwa sababu ziara ni ziara. Bibi wa kitongoji cha mwisho, ambaye ndiye sababu ya mfuko kuanzishwa, atabaki na bandeji ya wiki iliyopita.

Kwa hiyo lipeni kwa vipande viwili. Kipande cha kwanza ni kiasi cha mwezi kisichobadilika kwa mambo yasiyobadilika (katika mfano wetu Sh 1,395,000), chenye sharti la idadi ya chini ya ziara: tuseme 75 kwa miezi ya kawaida na 50 kwa masika. Akipungua chini ya hapo bila sababu iliyotolewa mapema, kuna makato yaliyoandikwa. Kipande cha pili ni kiasi kidogo kwa kila ziara, kinachofidia vifaa. Nyumba za mbali ziwe na nyongeza yake, na orodha ya nyumba hizo itolewe na mnunuzi kabla ya mwezi kuanza. Akijiorodheshea mtoa huduma, kila nyumba itakuwa ya mbali.

Kuna watakaosema: ukimlipa bila kujali ziara, atalala. Ni kweli anaweza, na dawa yake ni hatua ya 9. Kupunja bei hakujawahi kumwamsha mtu.

Mmefaulu kama: mmeipitisha bei yenu kwenye Aprili na kwenye Agosti, na mtoa huduma anabaki hai miezi yote miwili.

## Hatua ya 6: Mkataba

Kurasa nne au tano zinatosha, kwa Kiswahili ambacho kila mtia saini anakielewa. Ziwemo: huduma (hatua ya 4), bei (hatua ya 5), tarehe ya mwisho ya kuleta ankara, siku ambazo mnunuzi lazima awe amelipa, haki ya kuhakiki bila taarifa, malalamiko yanakwenda kwa nani, na namna ya kuachana.

Mnunuzi naye abanwe. Mkiandika kuwa mtalipa ndani ya siku 14, mchelewe miezi miwili, mtoa huduma atakopa gozi dukani na kuanza kuficha mambo. Wekeni malipo ya awali ya mwezi mmoja, yakatwe kidogokidogo hadi miezi sita iishe.

Kifungu cha kuachana kiseme wagonjwa watahudumiwa na nani katika siku 60 za mwisho. Mkiwa taasisi mbili kamili, mwoneni mhasibu kuhusu kodi ya zuio (ile ambayo mlipaji huikata kwenye malipo na kuipeleka TRA) kabla ya malipo ya kwanza. Mkisubiri TRA wawakumbushe mtalipa na faini.

### Kama ninyi ni halmashauri

Hatua ya 3 na ya 6 msizinakili zilivyo. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha nyingi za uendeshaji zinakwenda moja kwa moja kwenye akaunti za vituo, na ununuzi wenu unafuata Sheria ya Ununuzi wa Umma ya 2023 kupitia NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Kinachowafaa hapa ni ramani ya maamuzi ya hatua ya 1, na kuipa Bodi ya Huduma za Afya ya Halmashauri kazi ya kuuliza maswali kwa kweli, badala ya kupokea taarifa na posho.

## Hatua ya 7: Wafanyakazi na mali

Mkibaki shirika moja, wauguzi wanahitaji barua mpya tu inayosema wanaripoti kwa nani. Mkienda kwenye taasisi mbili, mwajiri anabadilika, na hapo sheria ya ajira inaingia. Kupunguza wafanyakazi kunataka taarifa, kuwaeleza sababu na kushauriana nao kabla ya uamuzi. Kiinua mgongo ni angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, hadi miaka kumi. Nesi wa miaka sita anadai siku 42. Fedha hiyo iwepo benki kabla hamjatamka neno "kuhamisha".

Waambieni mapema, ana kwa ana. Uingereza walipoamua huduma za afya ya jamii zitoke mikononi mwa wanunuzi wake ifikapo 2011, wafanyakazi walihamishwa kwa makundi: wengine kwenye hospitali, wengine kwenye taasisi za afya ya akili, wengine kwenye mashirika mapya. Ninyi mna wauguzi wanne. Hamna udhuru wa kuwaacha wasikie kanisani.

Pikipiki na vifaa: amueni kama vinauzwa, vinakodishwa au vinaazimishwa kwa maandishi. Andikeni namba ya chesisi, kilomita na hali ya matairi siku ya makabidhiano. Ugomvi wa matairi ni wa kweli, nimeusuluhisha mara mbili.

## Hatua ya 8: Taarifa za wagonjwa

Mtoa huduma anatunza mafaili. Mnunuzi anapata namba ya mgonjwa, kitongoji, aina ya huduma na tarehe za ziara. Majibu ya vipimo na ugonjwa wa mtu kwa jina havina kazi kwenye kamati ya watu watano waliozaliwa kata moja. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inalinda taarifa hizi, na hata isingekuwepo, mgonjwa akijua kamati inasoma faili lake, hatamfungulia nesi mlango.

Wa kamati mwenye ujuzi wa tiba anaweza kuruhusiwa kuona mafaili machache kwa uhakiki, kwa ridhaa ya mgonjwa iliyosainiwa.

## Hatua ya 9: Uhakiki wa nyumba kwa nyumba

Kila mwezi chagueni nyumba kumi kwa kura: namba kwenye vikaratasi, ndani ya bakuli, mbele ya watu. Aende mtu wa upande wa mnunuzi, bila kumtaarifu nesi. Msiende zile za karibu kwa sababu ni jioni.

Kadi ya nyumbani ndiyo nguzo ya zoezi hili. Ni karatasi ngumu inayokaa kwa mgonjwa. Nesi anaandika tarehe, alichofanya na saini yake, na mtu wa nyumbani anasaini au kuweka dole gumba. Siku ya uhakiki mnalinganisha kadi na rejesta.

Mfuko mmoja, siutaji, uliniletea rejesta safi kupita kiasi. Kurasa tatu, wino mmoja, mwandiko haukuchoka hata kidogo kutoka tarehe 1 hadi 30. Ziara nne zilikuwa za siku ambayo maji yalikuwa yamekata njia ya kwenda kitongoji hicho, na kijiji kizima kilikuwa kinakumbuka. Mhakiki wao alikuwa nani? Aliyejaza rejesta. Walimpa fisi bucha, halafu wakamwomba ahesabu nyama.

Ukifika nyumbani, usianze na karatasi. Amkia, kaa, uliza hali. Kisha uliza maswali yasiyo na jibu la ndiyo au hapana: "Bibi, mara ya mwisho nesi alikuja siku gani?" "Alifanya nini?" "Ukizidiwa usiku unampigia nani?" Ukiuliza "Nesi anakuja vizuri?", atasema anakuja, kwa sababu ni mtu mwenye adabu na anaogopa kumharibia binti wa watu kazi.

Tofauti moja kati ya nyumba kumi ni ya kuulizia. Tatu ni za kusimamisha ankara nzima na kuhakiki nyumba zote.

## Hatua ya 10: Ankara ya kwanza

Ankara ya kwanza karibu kila mara huwa na kasoro, na kamati karibu kila mara hutaka kuipitisha "kwa kuwa tunaanza". Irudisheni. Irudisheni kwa barua ya aya moja inayotaja namba za ziara zisizo na kadi, na siku mlizompa kurekebisha. Sehemu isiyo na utata ilipeni kwa wakati, kama mkataba unavyosema.

Kwenye kikundi kimoja cha upande wa Himo, ziara saba zilikosa saini ya nyumbani. Msimamizi wa wauguzi alikasirika, akasema hawaaminiki tena. Mweka hazina hakubishana. Alimwonyesha kifungu, akalipa nyingine 81, akasubiri. Siku nne baadaye kadi tano zilirudi na saini. Mbili hazikurudi, na hazikulipwa. Mwezi wa pili ankara ililetwa siku mbili kabla ya tarehe, kadi zimefungwa kwa uzi kufuata vitongoji, na kuna karatasi ya juu ambayo hakuna aliyeiomba: majina ya nyumba tatu ambako nesi hakufika, na sababu ya kila moja.